Kamba mkononi, chupa magotini: kazi ya sitahani kwenye meli ya utafiti

Kwenye meli nyingi za utafiti, hasa ndogo, anayeshika kamba wakati kifaa kinashushwa majini ndiye huyohuyo atakayepiga magoti baada ya saa tatu kujaza chupa za sampuli. Nimefanya kazi zote mbili kwa miaka kumi na mmoja, nikianza upande wa kamba. Mwanzoni nilidhani kamba inataka nguvu na chupa inataka akili. Sasa naziona ni kazi moja. Namba itakayoandikwa mwishoni lazima iwe ya maji yaliyokuwa kina kile hasa, si ya maji yaliyopenya njiani, na kila aliyeingia sitahani atoke na vidole vyake kumi. Hayo mawili hulindwa kwa tabia zilezile, na ndizo ninazotaka kumwachia anayeanza.

Kabla hujapanda

Utahitaji cheti cha mafunzo ya msingi ya usalama yanayotakiwa na mkataba wa kimataifa wa STCW wa mwaka 1978, unaohusu mafunzo na vyeti vya mabaharia: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wako na wa wenzako. Ujuzi wa kujiokoa na wa kuzima moto unatakiwa kuthibitishwa upya kila baada ya miaka 5. Utahitaji pia cheti cha daktari. Mweleze daktari ukweli wote kuhusu mgongo, masikio na dawa unazotumia, kwa sababu ukiugua katikati ya bahari hospitali inaweza kuwa umbali wa siku nne.

Jifunze mafundo matatu tu, lakini yajue barabara: kitanzi kisichokaza, fundo la nane, na lile la kuzungusha mara mbili kwenye nguzo. Yafanye gizani, umevaa glavu zilizolowa. Anayejua mafundo ishirini mezani hanisaidii kitu usiku wa mvua.

Mfukoni weka penseli mbili. Wino huyeyuka au hukataa kuandika kwenye karatasi yenye unyevu, penseli haikatai. Kisu kiwe kiunoni, kimefungwa kwa kamba fupi ili kisianguke. Viatu viwe na ncha ya chuma. Pete, cheni na saa yenye mkanda mpana viache kabatini. Nimeona pete ikinaswa kwenye ukingo wa fremu ya chuma meli ilipolala upande. Mwenzetu aliponea chupuchupu, na hajavaa pete kazini tangu siku ile.

Mahali pa kusimama

Siku ya kwanza, kabla ya kugusa chochote, tembea sitaha nzima na serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitahani. Mwombe akuonyeshe kebo inapita wapi kutoka kwenye winchi, mashine inayoikunja na kuifungua, hadi kwenye kapi, na kutoka hapo hadi majini. Kisha muulize: ikikatika, itapiga wapi? Kebo au kamba iliyobeba mzigo ina nguvu iliyofichwa ndani yake. Ya nailoni hunyumbuka sana kabla ya kukatika, na ikikatika hurudi kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Chora mstari huo kichwani mwako na usisimame juu yake, hata kwa sekunde tano za kuokota kitu.

Usiweke mguu ndani ya pindo la kamba lililolala sitahani. Kamba iliyolegea inaonekana haina neno, mpaka upande wa pili uvutwe.

Upe ukuta mgongo, usiipe bahari. Ukilazimika kusimama kwenye ukingo uliofunguliwa reli, jaketi la kuokolea liwe limefungwa vifungo vyote na kamba ya usalama iwe imenaswa mahali imara, kabla reli haijafunguliwa. Mpangilio huo haubadiliki: mtu hufungwa kwanza, reli hufunguliwa baadaye. Wakati wa kumaliza, reli hufungwa kwanza, ndipo mtu afunguliwe.

Kukishusha kifaa

Kifaa utakachoshika mara nyingi kuliko vyote huitwa CTD. Kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, ambako ndiko tunakopata kiwango cha chumvi, pamoja na joto na kina. Kimezungukwa na fremu ya chuma yenye chupa ndefu za kuchotea maji, mara nyingi 12 au 24. Fremu hiyo huitwa rozeti. Chupa zenyewe ni za aina iliyobuniwa na Shale Niskin mwaka 1966: bomba lililo wazi juu na chini, lenye vifuniko viwili vinavyovutwa na mpira au springi. Hushuka zikiwa wazi, na amri ya umeme kutoka juu huzifunga moja moja wakati wa kupanda.

Kabla ya kushusha, zunguka rozeti nzima kwa mkono, si kwa macho peke yake. Gusa kila koki ya chini uhakikishe imefungwa. Gusa kila kijiskurubu cha hewa juu, nacho kiwe kimefungwa. Vuta kila uzi unaoshikilia kifuniko uone haukukatiza kwenye fremu. Ondoa vizibo na mirija inayolinda vitambuzi, kisha uihesabu mkononi. Ukiondoka na idadi pungufu, kimoja bado kiko kwenye kifaa, na kifaa kitashuka mita elfu nne na kupanda bila kupima chochote cha maana. Baharia mkongwe aliyenifundisha alikuwa anaviweka vizibo kwenye kofia yake iliyogeuzwa, akivihesabu kwa sauti. Mpaka leo nahesabu kwa sauti.

Sasa kamba za kuongozea. Kila mmoja wa watu wawili hushika kamba inayopita kwenye fremu na kurudi, ili rozeti isizunguke wala kugonga ubavu wa meli ikiwa hewani. Ncha moja umeishika, nyingine umeizungusha mara moja kwenye chuma cha kufungia. Mzunguko huo mmoja ndio unaobeba uzito, mkono wako unaongoza tu. Usiizungushe kamba mkononi hata kidogo. Rozeti yenye chupa 24 zilizojaa inaweza kukaribia au hata kupita uzito wa tani moja, na meli ikilala, hakuna mkono unaoshindana nayo.

Tazama ncha ile utakayoiachia. Isiwe na fundo, isiwe na utepe wa kunata, isiwe imefumuka nyuzi. Ipitishe kwenye vidole vyako kabla ya kazi. Mwaka wangu wa pili niliikuta kamba imeshafungwa fundo dogo na mtu wa zamu iliyotangulia, ambaye alitaka isifumuke. Sikuigusa nikaangalia. Rozeti ilipofika kwenye maji niliachia, ncha ikakimbia, fundo likanasa kwenye fremu. Kifaa kikaanza kuzama kikiwa kimenishikia kamba. Niliachia mkono papo hapo, mtu wa winchi akasimamisha, tukakipandisha tukiwa na kamba inaning'inia kama mkia. Hakuumia mtu. Lakini ilikuwa kamba yangu, na kuikagua kulikuwa kazi yangu.

Anayetoa ishara kwa mtu wa winchi ni mmoja tu. Kubalianeni ishara kabla ya kuanza, kwa sababu meli hazifanani: kwa kawaida kidole kinachozungushwa kuelekea juu ni pandisha, kuelekea chini ni shusha, na ngumi iliyofumbwa ni simama. Kusimamisha ndiyo amri pekee ambayo si ya mtu mmoja. Yeyote akiona baya apaze sauti "simama!", hata kama ni siku yake ya kwanza, na hakuna atakayemkemea.

Ikishagusa maji, isiende moja kwa moja. Huteremshwa kiasi cha mita 10 na kukaa hapo dakika mbili tatu, ili pampu ianze na vitambuzi vizoee joto la maji. Kisha hupandishwa karibu na uso wa maji na kuanza safari yenyewe, polepole kwanza, halafu kwa kama mita 60 kwa dakika. Piga hesabu: kina cha mita 4,000 ni zaidi ya saa moja kwenda na zaidi ya saa moja kurudi, ukiongeza vituo vya kufunga chupa. Wageni wengi hudhani saa hizo ni za kupumzika. Ndizo za kuandaa chupa, kuandika lebo, na kusikiliza kebo. Kebo ikianza kutoa mlio mpya kwenye kapi, au pembe yake ikiingia chini ya meli, mwambie aliye kwenye chumba cha usukani mara moja. Yeye haoni unachoona wewe.

Karibu na sakafu ya bahari, fundi aliye kwenye kompyuta husoma umbali kutoka chini na kwa kawaida husimamisha kifaa kikiwa kimebakiza kama mita 10. Shinikizo huko, mita elfu nne, ni takribani mara 400 ya lile la hewa tunayovuta sasa. Likumbuke hilo unapofunga kizibo chochote kivivu.

Maji yakifika

Rozeti ikishatua na kufungwa, kila mtu anataka maji yake. Waambie wangoje. Kwanza pima uvujaji. Nenda kwenye chupa namba 1, usikifungue kijiskurubu cha juu, fungua koki ya chini peke yake. Yatatoka matone machache kisha maji yasimame, kwa kuwa hewa haina pa kuingilia. Yakiendelea kutiririka, hewa inaingia mahali: kifuniko hakikukaa sawa, au mpira wa kuzuia maji umechakaa. Chupa hiyo inavuja. Iandike, kwa namba, hapohapo. Fanya hivyo kwa zote. Ni dakika tatu, na sijaona dakika tatu zenye thamani kuliko hizo katika kazi yetu nzima.

Mpangilio wa kuchukua maji hauendi kwa cheo cha mtu. Unaenda kwa jinsi hewa ya nje inavyoyaharibu maji. Ukishafungua kijiskurubu cha juu, kila kikombe cha maji kinachotoka kinaacha nafasi inayojazwa na hewa. Kwa hiyo gesi hutangulia: gesi adimu kama zinapimwa, halafu oksijeni, halafu kaboni iliyoyeyuka. Virutubisho, yaani madini yaliyoyeyuka yanayolisha mimea ya baharini, hufuata. Chumvi huwa ya mwisho, kwa sababu hewa haibadilishi chumvi.

Oksijeni ndiyo itakayokufunza subira. Njia tunayotumia ni ya Lajos Winkler, mkemia wa Hungaria aliyeitangaza mwaka 1888, na mpaka leo vitambuzi vya kisasa hurekebishwa kwa kulinganishwa nayo. Chomeka mrija laini kwenye koki. Ubinye kwa vidole, uinue ncha juu, uyaache maji yasukume mapovu yote yatoke. Ukiona povu limeganda ndani ya mrija, ligonge kwa ukucha mpaka liondoke. Suuza chupa ya kioo, kisha ushushe mrija hadi chini kabisa na ujaze taratibu, maji yapande bila kuchemka wala kuzunguka. Yaache yafurike mpaka yamemwagika kiasi cha chupa tatu. Mimi huhesabu: nikijua chupa inajaa kwa kuhesabu hadi kumi na mbili, naongeza thelathini na sita. Vuta mrija polepole huku maji yakiendelea kutoka, ili usiache pengo.

Sasa dawa. Kwanza ya manganizi, kisha ya iyodidi yenye magadi makali, kila moja ikitolewa chini ya uso wa maji. Weka kizibo kwa kukiinamisha kidogo ili kisifungie povu, ukibane, na ugeuze chupa juu chini kwa nguvu mara ishirini. Utaona wingu la rangi ya kahawia likitanda. Kahawia iliyokolea ni maji yenye oksijeni nyingi. Likiwa jeupe-jeupe, maji yale yametoka mahali ambapo hewa hiyo ni haba. Mara ya kwanza nilipoona chupa tano zimepangwa kwenye kreti, kutoka kahawia iliyokolea hadi karibu nyeupe, nilielewa bahari ina matabaka, na sikuhitaji mchoro. Baada ya nusu saa, zitikise tena.

Virutubisho vinataka mikono safi. Glavu mpya, usiguse mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko. Aliyetoka kuvuta sigara asisogee hapa, kwa kuwa moshi ulioganda vidoleni una amonia ya kutosha kuharibu kipimo. Suuza chupa na kifuniko mara tatu kwa maji yaleyale ya sampuli. Kama itagandishwa, usiijaze pomoni, maana maji yakiganda hutanuka, na chupa isimame wima kwenye friza. Chumvi nayo suuza mara tatu, jaza hadi mabegani, kausha shingo ya chupa kwa karatasi kabla ya kufunga. Tone moja la maji likikaukia pale mdomoni huacha chembe za chumvi, na chembe hizo zikidondoka ndani, umepima chumvi ya sitahani.

Daftari

Hapa ndipo nina neno zito. Safari moja, chupa namba 14 iligoma kujifunga kwa wakati wake ikafungwa pamoja na ya 15, kina cha mita mia mbili juu zaidi. Nililiona, nikamwambia mwenzangu kwa mdomo, tukacheka uchovu, nikasahau kuandika. Ilikuwa karibu alfajiri. Miezi saba baadaye mtafiti mmoja aliniandikia kwa upole akiuliza kama nakumbuka lolote kuhusu kituo kile, kwani maji ya namba 14 hayakufanana na jirani zake na alikuwa ametumia wiki mbili kutafuta sababu baharini. Sababu haikuwa baharini. Ilikuwa kwenye mstari ambao sikuuandika.

Tangu hapo naandika kila kitu wakati kinapotokea, hata kinachonifedhehesha. Niliangusha chupa: andika. Nimejaza namba 6 mara mbili: andika. Mvua ilinyesha tulipokuwa tunachukua sampuli: andika. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaosomeka chini yake, usifute. Weka herufi za jina lako. Muda uwe wa UTC, yaani saa moja ya dunia nzima, kwa saa 24, kwenye kila ukurasa. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu: ukisema redioni "saa nane", mmoja ataandika 14:00 na mwingine 08:00. Sema "kumi na nne, sifuri sifuri", usipunguze.

Mengine ya sitahani

Wavu wa viumbe vidogo vinavyoelea, ambao matundu yake mara nyingi ni mikroni 200, huoshwa kwa maji kutoka nje, kamwe si kwa kuupigia maji mdomoni, ili viumbe vilivyonasa vishuke kwenye kikombe cha chini bila kuongezewa vya juu juu. Formalini ya kuhifadhia ifunguliwe mahali penye upepo, na wewe uwe upande upepo unakotoka.

Huenda ukapewa kutupa boya la Argo. Yako kama 4,000 baharini duniani kote, huelea kina cha mita 1,000, na kila siku 10 hushuka hadi 2,000 kisha hupanda yakipima na kutuma namba kwa setilaiti. Tunasema "kutupa", ila halitupwi. Ondoa vizibo vya vitambuzi, mwombe nahodha apunguze mwendo, ulishushe tezini, nyuma ya meli, kwa kamba iliyopitishwa tunduni, likigusa maji uachie ncha moja na kuivuta kamba yote. Andika saa na mahali. Mimi hubaki pale mpaka antena ipotee kwenye povu. Litafanya kazi miaka kadhaa bila kuguswa tena na mtu, na mkono wa mwisho ulikuwa wangu.

Kuhusu kichefuchefu: kunywa dawa kabla meli haijaondoka, si baada ya kuanza kutapika. Kula vitu vikavu kidogo kidogo, tazama upeo wa macho, kaa karibu na katikati ya meli. Kwa wengi hupita siku ya tatu. Kama umezidiwa, sema, usishike kamba.

Na usingizi ni sehemu ya kazi. Sheria za kimataifa zinakupa mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7. Wakati vituo vinafuatana na watafiti wana hamu, ni rahisi kuona aibu kudai saa hizo. Zidai. Chupa 14 nilikosa kuiandika nikiwa macho kwa saa kumi na tisa.

Zamu ikiisha, usiondoke kwa salamu tu. Mpeleke anayekupokea kwenye winchi, umwonyeshe kebo ilipo. Mpitishe kwenye rozeti: namba 9 inavuja kidogo, mpira wake umebadilishwa lakini haujajaribiwa, vizibo viko kwenye ndoo ya bluu, viko sita. Mwache avihesabu mwenyewe. Halafu mpe daftari na penseli, nenda kalale.